Leh: Jeshi na raia wanapogombea asubuhi moja

Kaskazini kabisa mwa India, katika eneo la Ladakh, kuna mji uitwao Leh. Mji huu una uwanja mmoja wa ndege, na uwanja huo una njia moja tu ya kurukia na kutua. Hapo ni kambi ya jeshi la anga. Hapo hapo ndipo raia wanapopanda ndege kwenda hospitali kubwa, vyuoni, kwenye biashara na kwa jamaa zao.

Uwanja wenyewe uko mita 3,256 juu ya usawa wa bahari. Kwa wasikilizaji wetu wanaoujua Mlima Kilimanjaro, hapo ni katikati ya kituo cha Mandara na kituo cha Horombo katika njia ya Marangu. Kimo ambacho mpanda mlima hutembea polepole huku akihema, Leh ndicho kimo cha ndege kubwa za abiria kutua na kuruka.

Mwanzoni mwa Mei 2025, India na Pakistan ziliposhambuliana, serikali ya India ilifunga viwanja 32 vya kaskazini na magharibi mwa nchi kwa ndege za raia. Leh ulikuwa mmojawapo. Vilifunguliwa tena tarehe 12 Mei, baada ya mapigano kusitishwa. Kwa mji wa tambarare wenye reli na barabara nyingi, huo ni usumbufu wa siku chache. Kwa Leh ni jambo zito zaidi, kwa sababu barabara zake za kutokea zinapita juu ya milima mirefu, na kwa kawaida safari ya gari hadi Srinagar, jiji kubwa la jirani, huchukua siku mbili.

Katika makala hii tunaeleza jinsi uwanja wa namna hii unavyofanya kazi, na kwa nini swali la nani atangulie kuhudumiwa ni gumu kuliko linavyoonekana. Wengi hudhani kinachogombewa ni uwanja. Ukichunguza vizuri utaona kinachogombewa ni asubuhi.

Kwa nini ndege hupata taabu mlimani

Tuanze na jambo ambalo dereva wa bodaboda wa milimani analijua. Pikipiki ya kabureta inayokwenda vizuri pwani huishiwa nguvu ikipanda nchi za juu, hasa ikiwa imebeba watu wawili na gunia. Injini inahitaji hewa ili kuchoma mafuta, na kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi.

Ndege inaumizwa na jambo hilo mara mbili. Kwanza, injini zake zinapungukiwa nguvu kama ile pikipiki. Pili, mabawa yake yanabebwa na hewa hiyo hiyo. Leh, shinikizo la hewa ni kama theluthi mbili tu ya lile la Mombasa au Dar es Salaam. Ili mabawa yapate hewa ya kutosha kuinua ndege, ndege inalazimika kukimbia kasi zaidi kabla ya kuacha ardhi, kwa takriban moja ya tano hadi robo zaidi ya kasi ya pwani. Kasi zaidi ina maana ya njia ndefu zaidi. Inapotua mambo ni hayo hayo: inagusa ardhi ikiwa na kasi kubwa, na breki zinafanya kazi ngumu zaidi.

Uwanja wa El Alto nchini Bolivia, ulio mita 4,061 juu ya bahari, umetatua hilo kwa njia ya urefu wa kilomita 4, kwa kuwa umejengwa kwenye uwanda mpana. Leh haina nafasi hiyo. Uko ndani ya bonde la mto Indus, una milima kila upande, na njia yake ni ya takriban kilomita 2.7.

Ikiwa njia haiwezi kurefushwa, kinachobaki ni kupunguza uzito. Ndege inayoweza kuondoka Delhi imejaa huenda ikaondoka Leh ikiwa imeacha viti vitupu au imepunguza mizigo. Sheria za usalama wa anga nazo hudai kwamba ndege ya injini mbili iweze kuendelea kupaa hata injini moja ikizimika wakati wa kuruka. Katika bonde lililozungukwa na milima sharti hilo ni zito sana, na mara nyingi ndilo linaloamua abiria wangapi wapande.

Afrika Mashariki tunalijua jambo hili hata kama hatulitaji. Uwanja wa Bole mjini Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopian Airlines zinazokwenda Washington zimekuwa zikisimama njiani kujaza mafuta, lakini zinaporudi huja moja kwa moja. Umbali ni ule ule, tofauti iko mahali pa kurukia. Kutoka Addis Ababa ndege haiwezi kuinuka na mafuta yote inayohitaji pamoja na abiria wote. Kutoka Washington, karibu na usawa wa bahari, inaweza.

Joto nalo linapunguza hewa

Kimo si jambo pekee. Hewa ikipata joto hutanuka, na ikitanuka huwa nyepesi. Rubani hahesabu tu mita zilizoandikwa kwenye ramani, anahesabu na joto la saa hiyo. Siku ya kiangazi Leh ikifika nyuzi 30, ndege hupata taabu kana kwamba uwanja uko zaidi ya mita 4,500 juu ya bahari. Kwa Kilimanjaro, ni kama kuuhamisha uwanja kutoka chini ya Horombo hadi kukaribia Kibo.

Mwishoni mwa Julai 2024 jambo hilo lilionekana wazi. Joto lilipanda kupita kawaida, na mashirika ya ndege yakafuta safari kadhaa za Leh. Anga ilikuwa nyeupe, ndege zilikuwa nzima na marubani walikuwepo. Hewa ndiyo iliyokuwa nyepesi mno kwa ndege kuruka salama kwenye njia ile.

Mtu akisikia safari imefutwa kwa sababu ya jua kali anaweza kudhani anadanganywa. Hadanganywi. Na kwa kuwa dunia inazidi kupata joto, siku za namna hiyo zinatarajiwa kuongezeka.

Saa chache za asubuhi

Sasa tunafika kwenye kiini. Leh, ndege za abiria huja na kuondoka zaidi asubuhi. Kuna sababu mbili, na zote zinatokana na jua.

Ya kwanza tumekwisha kuitaja: asubuhi hewa ni baridi, kwa hiyo ni nzito, na ndege inabeba zaidi.

Ya pili ni upepo. Jua likipanda, miteremko ya mawe isiyo na miti hupata joto haraka, hewa inainuka, na mchana upepo mkali unavuma bondeni. Katika uwanja wa kawaida rubani hutua na kuruka akiuelekea upepo, na upepo ukigeuka, naye hugeuza upande. Leh hana uhuru huo. Kwa ajili ya milima, kawaida ndege hutua zikitokea magharibi zikielekea mashariki, na huruka zikitoka mashariki kuelekea magharibi. Ni kama mlango mmoja wa kuingilia na kutokea.

Fikiria maana yake. Upepo unaovuma kwa nguvu kando ya njia, ukiwa mzuri kwa anayetua, ni mbaya kwa anayeruka, kwa sababu unamsukuma mgongoni. Ukiwa mzuri kwa anayeruka, ni mbaya kwa anayetua. Kwa hiyo uwanja huu unahitaji utulivu, na utulivu unapatikana asubuhi.

Ongeza na jambo la tatu: rubani anatakiwa kuiona milima. Wingu likishuka bondeni, ndege hugeuza na kurudi ilikotoka. Marubani wenyewe hupewa mafunzo maalumu kabla ya kuruhusiwa kutua Leh.

Matokeo yake ni kwamba siku ya Leh ni fupi. Mwezi Desemba na Januari ukungu mzito hufunika Delhi alfajiri, na ndege huchelewa kuondoka huko. Kwingine kuchelewa saa tatu ni kero. Leh, saa tatu zinaweza kuimaliza siku, na abiria anaambiwa arudi kesho. Kesho nayo ina abiria wake.

Uwanja uliozaliwa na vita

Ni nani basi mwenye asubuhi hiyo? Ili kujibu tunarudi nyuma kidogo.

Tarehe 24 Mei 1948, katika vita vya kwanza vya India na Pakistan, ndege aina ya Dakota ilitua Leh kwenye kiwanja cha udongo kilichoandaliwa haraka kando ya mto. Aliyeiendesha ni Mehar Singh wa jeshi la anga la India, na ndani alikuwamo Meja Jenerali Thimayya. Kazi ya kukiandaa kiwanja ilisimamiwa na Sonam Norbu, mhandisi mzaliwa wa Ladakh. Ndege ile haikuwa na mitambo ya kutunza hewa ya abiria kama ndege za leo, na ilivuka milima mirefu kuliko kimo ilichozoea. Wanajeshi waliletwa, na mji ukabaki mikononi mwa India.

Tangu hapo kila mgogoro umeupa uwanja huo kazi. Kulikuwa na vita na China mwaka 1962, kisha wanajeshi wakapelekwa kwenye barafu ya Siachen kuanzia 1984, na mwaka 1999 vikaja vita vya Kargil. Juni 2020 wanajeshi wa India na China walipigana kwa mikono, mawe na marungu katika bonde la Galwan. India ilipoteza wanajeshi 20, na China baadaye ilikiri kupoteza 4. Baada ya hapo, kwa mujibu wa taarifa za vyombo vya habari vya India mwaka 2023, jeshi la anga lilisafirisha zaidi ya wanajeshi 68,000 hadi mashariki ya Ladakh, pamoja na vifaru na silaha nzito.

Raia walikuja baadaye, kama wageni katika nyumba ya mwenyewe. Jengo la abiria linasimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya India. Njia ya kurukia na uongozaji wa ndege viko chini ya jeshi la anga. Ndege za raia hupangiwa muda ndani ya saa ambazo jeshi limekubali. Jina la uwanja ni la Kushok Bakula Rinpoche wa 19, mtawa wa Kibuddha wa Ladakh aliyekuwa mbunge na kisha balozi wa India nchini Mongolia. Kwa hiyo jina lililo mlangoni ni la raia, lakini ufunguo wa njia uko mfukoni mwa jeshi.

Jeshi nalo hubeba raia

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Ni rahisi kusema kwamba jeshi limewanyang'anya raia uwanja wao. Ukweli ni kwamba bila jeshi huenda pasingekuwa na uwanja wowote pale. Gharama ya kutunza njia ya lami mahali ambapo ardhi inaganda kila majira ya baridi, kuondoa theluji na kukaa na waongoza ndege mwaka mzima haiwezi kulipwa kwa nauli za eneo ambalo sensa ya 2011 ilihesabu watu takriban 274,000 tu.

Isitoshe, jeshi hulipa fadhila. Barabara zikifungwa na theluji, ndege za jeshi aina ya AN-32 hubeba raia waliokwama kati ya Kargil, Srinagar, Jammu na Leh, wakiwemo wanafunzi wanaokwenda kufanya mitihani. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 2010 mvua kubwa ya ghafla ililetea Leh mafuriko ya tope yaliyoua watu zaidi ya 200. Waokoaji, dawa na mahema vililetwa na ndege za jeshi, zikitua kwenye njia ile ile.

Kwa hiyo si hadithi ya mwema na mwovu. Ni hadithi ya wapangaji wawili wanaohitaji chumba kimoja kwa saa zile zile. Jeshi lina ndege za aina nyingine na marubani waliofunzwa kuruka hata nyakati ngumu, lakini nalo hubeba mzigo mkubwa zaidi hewa ikiwa baridi na upepo umelala. Mpaka ukiwa shwari, asubuhi inagawanyika bila ugomvi. Mpaka ukichafuka, wote wawili wanaihitaji siku moja, na hapo hakuna mjadala nani anatangulia.

Mpangaji wa tatu ni mtalii

Kuna wa tatu tena. Ladakh imekuwa kivutio kikubwa cha utalii. Mwaka 2022 ilipokea wageni zaidi ya nusu milioni, karibu mara mbili ya wakazi waliohesabiwa katika sensa ile. Wengi wao huja miezi ya kiangazi, yaani miezi ile ile ya joto ambapo ndege hulazimika kupunguza uzito.

Kiti cha ndege kikiwa adimu, bei hupanda. Mtalii aliyepanga safari yake miezi sita kabla anaweza kulipa. Mkulima aliyeshikwa na ugonjwa wiki hii hana miezi sita. Msimu wa baridi watalii wanapungua, lakini barabara nazo zinafungwa au kuwa za hatari, na safari za ndege ni chache, kwa hiyo nauli haimwachi mwenyeji apumue. Mwenyeji anajikuta wa tatu kwenye foleni: jeshi mbele, mgeni mwenye fedha katikati, yeye nyuma.

Serikali imechukua hatua. Februari 2019 Waziri Mkuu Narendra Modi aliweka jiwe la msingi la jengo jipya la abiria, kubwa zaidi kuliko la zamani. Jengo litasaidia, kwa sababu watu hawatasongamana, na maegesho zaidi yakiwepo ndege nyingi zaidi zinaweza kuhudumiwa kwa pamoja. Lakini tunapaswa kusema wazi: jengo kubwa haliongezi saa za asubuhi. Haliifanyi hewa iwe nzito, wala halitulizi upepo wa mchana. Mwanasiasa akisema jengo litahudumia mamilioni ya abiria, swali la kumuuliza ni ndege ngapi zitaweza kutua kabla upepo haujaamka.

Jambo jingine ni kujenga viwanja vipya vya jeshi ili kuupunguzia Leh mzigo. Novemba 2025 India ilianza kutumia kituo cha anga cha Nyoma, karibu zaidi na mpaka wa China, kilicho zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari. Baadhi ya safari za kijeshi zinaweza kuhamia huko. Lakini Nyoma iko juu zaidi, hewa yake ni nyepesi zaidi, na ndege nzito haziwezi kubeba huko kile zinachobeba Leh. Ng'ambo ya mpaka mambo yanafanana. China ina uwanja wa Ngari Gunsa huko Tibet, mita 4,274, uliofunguliwa mwaka 2010, nao unatumiwa na jeshi pamoja na raia. Pande zote mbili zinajenga juu ya milima, na pande zote mbili raia husafiri kwa ruhusa ya jeshi.

Dawa kubwa iko chini ya mlima

Kwa maoni yetu, kinachoweza kumtoa mwenyeji wa Leh nyuma ya foleni ni barabara isiyofungwa.

Barabara ya kutoka Srinagar inapita mlima Zoji La, zaidi ya mita 3,500 juu ya bahari. Zamani ilifungwa kwa theluji karibu nusu mwaka. Shirika la barabara za mipakani limefanya kazi kubwa ya kuzoa theluji, na miaka ya karibuni muda wa kufungwa umepungua sana. Sasa kinachimbwa kichuguu cha barabara chini ya mlima huo, cha urefu wa takriban kilomita 13. Upande wa Manali, handaki la Atal la kilomita 9 lilifunguliwa Oktoba 2020, ingawa mbele yake bado kuna milima mingine ya kuvuka.

Handaki nalo linachimbwa kwa sababu za kijeshi. India inataka malori yake yafike mpakani mwaka mzima. Lakini handaki lina sifa ambayo njia ya ndege haina. Lori la jeshi linaweza kupita saa tisa usiku na gari la wagonjwa likapita saa tisa na dakika tano. Halihitaji asubuhi, wala halijali hewa imepata joto kiasi gani. Gunia la ngano, mtungi wa gesi na katoni za aprikoti za mkulima hupita kwa gharama ndogo kuliko ya ndege. Na kila gunia la jeshi linalohamia barabarani linaacha nafasi angani.

Hilo si jibu la kila kitu. Mgonjwa aliyepasuka bandama hawezi kungoja siku mbili za barabara. Kwa mtu wa namna hiyo ndege itabaki kuwa ya lazima, na ndiyo maana kanuni za nani atangulie zinahitaji kuandikwa na kujulikana, badala ya kuachwa kwa huruma ya afisa aliye zamu.

Goma inatufundisha nini

Wasikilizaji wetu wa mashariki mwa Kongo hawahitaji kwenda India kulielewa jambo hili. Uwanja wa Goma uko takriban mita 1,500 juu ya bahari. Si kimo cha Leh, lakini kinatosha kumfanya rubani ahesabu mzigo wake. Mwaka 2002 mlima Nyiragongo ulipolipuka, lava ilifunika sehemu ya njia ya kurukia na kuifanya iwe fupi. Hewa nyepesi na njia fupi kwa pamoja ni mtihani ule ule wa Leh.

Uwanja huo nao ulikuwa wa wengi: jeshi la serikali, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, mashirika ya misaada, wafanyabiashara na abiria wa kawaida. Mapigano ya mwishoni mwa Januari 2025 yalipoufikia mji na waasi wa M23 wakauteka, uwanja ulifungwa. Miezi tisa baadaye, Oktoba 2025, mkutano wa kimataifa mjini Paris ulikuwa bado unajadili namna ya kuufungua kwa ndege za misaada.

Kufungwa kwa Leh kulihesabiwa kwa siku, kwa Goma kulihesabiwa kwa miezi. Sababu ya msingi inafanana. Uwanja unaotumiwa na jeshi ni shabaha ya kivita hata siku ambayo waliopo ndani ni mama wajawazito na vifurushi vya dawa. Raia akishiriki njia moja na askari, anashiriki na hatari zake. Leh ina serikali moja inayoshika ufunguo, kwa hiyo uwanja ulifunguliwa mara bunduki ziliponyamaza. Goma, ufunguo wenyewe ndio uliopiganiwa.

Maswali ya kuuliza

Nchi nyingi za kwetu zina viwanja ambavyo jeshi na raia hukaa pamoja, na vingine vitajengwa, kwa kuwa ni ghali kujenga viwili. Si vibaya. Lakini kiongozi akija kijijini kwenu na kusema ardhi inatwaliwa kwa ajili ya uwanja wa jeshi ambao nanyi mtaufaidi, kuna mambo manne ya kumuuliza kabla ya kupiga makofi.

La kwanza: njia ya kurukia itakuwa chini ya nani, na raia wamehakikishiwa saa zipi? Usikubali kuelezwa habari za jengo la abiria tu.

La pili: katika nchi ya milima, ndege ya aina gani inaweza kuruka hapo saa saba mchana mwezi wa joto, ikiwa na watu wangapi? Mhandisi mkweli anaweza kukupa jibu kwa tarakimu.

La tatu: uwanja ukifungwa kwa ajili ya ulinzi, wagonjwa mahututi watatokaje, na nani anayetoa kibali cha helikopta au ndege ya dharura?

La nne: barabara iko wapi? Uwanja usio na barabara nzuri kando yake unawafanya wananchi wategemee mlango mmoja, na ufunguo wake hawana.

Tunaongeza jambo dogo ambalo halihitaji fedha nyingi. Abiria wa mlimani anaumia zaidi anapopata habari akiwa tayari amefika uwanjani, baada ya kushuka kutoka kijijini usiku kucha kwenye baridi na mgonjwa wake. Jeshi halilazimiki kueleza siri zake. Linaweza kusema tu jioni kwamba kesho asubuhi njia haitapatikana kwa raia, na tangazo hilo likasomwa redioni na kutumwa kwa simu. Mtu huyo atalala nyumbani kwake, na gari aliyokuwa amekodi itabaki kwa safari ya siku nyingine.